Katuba: Mbele ya kununua televizyo ya 55, pima kwanza salo

Siku Leopards wanacheza, salo moja ya Katuba inaweza kupokea watu makumi mbili. Wenye nyumba wanakaa ku fotei, majirani ku viti vya plastiki, vijana wanasimama ku mulango, watoto wanakaa chini ku mukeka, karibu kabisa na ekra. Hiyo njo sinema ya nyumbani ya kwetu. Haifanane na picha za magazeti ya Bulaya, fasi baba, mama na watoto wawili wanakaa peke yao mu chumba chenye giza.

Juu watu wote hao waone vizuri, familia nyingi zinafikiri dawa ni moja: ekra kubwa zaidi. Feza ya likelemba inaingia, baba anaenda ku muji, anarudi na kartoni ya 55 mu taksi. Wanafungua, wanaunganisha dekodere ya zamani, na picha inatoka na ukungu. Sura za wachezaji ni kama zimepakwa maji, namba ya mugongoni haisomeke, mupira ukienda mbali unapotea mu majani. Kwa ile televizyo ya zamani, ya mugongo mukubwa, picha ilikuwa safi. Basi wanarudi kwa muuzishaji na hasira, kumuuliza kama aliwauzishia kitu kibovu.

Mara mingi televizyo haina kosa. Kosa ni hesabu yenye haikufanywa mbele ya kutoa feza: toka macho mupaka ku ekra kuko metre ngapi, na picha yenye itaingia mule ndani ni ya namna gani.

Namba yenye iko ku kartoni

Ile 32, 43 ao 55 si sentimetre. Ni puse, na puse moja ni sentimetre 2,54. (Ng'ambo ya Kasumbalesa na mu Tanzania wanaita inchi, lakini kwetu inchi ni taifa, na kusema televizyo ya inchi 43 kunachekesha watu.) Tena, wanapima toka kona ya chini ya upande mumoja mupaka kona ya juu ya upande mwingine, si upana. Ekra ya 32 iko na upana wa sentimetre 71 na urefu wa kwenda juu wa sentimetre 40. Ya 43 iko na 95 kwa 54. Ya 55 iko na 122 kwa 68. Ya 65 inafika 144 kwa 81, ni kusema karibu metre moja na nusu ya ukuta.

Mutu mwenye kwenda kununua abebe metre ya fundi mu mufuko. Akipima ekra ya 43 toka kona mupaka kona, bila kuhesabu plastiki ya pembeni, anapaswa kupata sentimetre 109. Ya 32 inatoa 81, ya 55 inatoa 140. Kama inapunguka sana, kartoni inasema namba moja na ekra inasema ingine.

Kisha anarudi ku nyumba kupima salo, na hapo njo watu wengi wanakosea. Wanapima ukuta kwa ukuta. Tuseme salo iko na urefu wa metre 3,40, kipimo chenye nyumba nyingi za Katuba haziko mbali nacho. Lakini macho hayakae mu ukuta. Mutu akikaa ku fotei, kichwa chake kiko mbele ya ukuta kwa sentimetre 40 hivi. Upande mwingine, televizyo iko juu ya meza yake, nayo imesogea mbele sentimetre 35. Ukitoa hizo zote, toka macho mupaka ekra kunabakia metre 2,65. Hiyo njo namba ya kuandika ku karatasi na kwenda nayo ku soko.

Mara tatu, mara sita

Jicho lenye kuona vizuri linatenganisha vitu viwili vidogo mupaka kipimo fulani, kisha linavichanganya. Kwa umbali wa metre 1, kipimo hicho ni karibu milimetre 0,3. Kwa metre 2,65 ni karibu milimetre 0,8. Kitu kidogo kupita hapo, jicho linakiona pamoja na kile cha pembeni kama kitu kimoja, na picha inaonekana laini.

Sasa picha ya televizyo inafanywa na mistari ya vidoti, moja juu ya ingine. Picha ya zamani, yenye dekodere nyingi za bei ya chini zingali zinatoa, iko na mistari 576. Ile yenye wanaita Full HD iko na 1080. 4K iko na 2160. Mistari 576 ikipangwa mu televizyo ya zamani ya 21, yenye urefu wa sentimetre 32 hivi, kila mustari unachukua milimetre 0,55. Mutu wa ku fotei haione mustari, anaona sura ya mutu. Lakini mistari ile ile 576 ikivutwa mupaka ijaze ekra ya 55, kila mumoja unakuwa na milimetre 1,2 karibu. Macho yanaiona, na ukungu unatoka hapo. Ni kama kipande cha kitambaa cha shati kuvutwa juu kifunike kitanda: uzi haukuongezeka, ulitawanyika.

Juu ya ile, njia ya kukumbuka ni rahisi. Picha ya zamani inaomba mutu akae mbali mara sita urefu wa ekra, ule wa toka chini kwenda juu. Picha ya Full HD inaomba mara tatu na kidogo. Kwa ekra ya 32, picha ya zamani ni safi kuanzia metre 2,40. Kwa ya 43, kuanzia metre 3,20. Kwa ya 55, metre 4 na zaidi, na kwa kupata metre 4 mule salo ya metre 3,40 mutu angepaswa kuvunja ukuta na kukaa mu chumba cha watoto. Lakini kama picha ni Full HD, ile ya 55 inaonekana vizuri kuanzia metre 2 na kidogo, na salo ile ile inaipokea bila shida.

Basi kununua ekra kubwa kuna maana kwa familia yenye kutumia picha nzuri. Familia yenye inaangalia shene za mistari 576 kila siku, na yenye macho yake iko ku metre 2,65, itafurahi zaidi na 32. Kati ya zote mbili, yenye leo iko na dekodere ya zamani na kesho inataka kupata ya HD, 43 ni kipimo cha akili: picha ya zamani inavumilika, na ile ya HD inapata fasi yake. Kulipa zaidi juu ya alama ya 4K mu salo ya namna hiyo ni kazi ya bure. Kwa umbali ule, hata ku ekra ya 55, mustari wa Full HD tayari ni mudogo kupita nguvu ya jicho. Siku hizi televizyo nyingi kubwa zinatoka na 4K bila kuombwa, hiyo haina ubaya. Ubaya ni kupunguza feza ya chakula juu ya kuipata.

Kuko pia makosa madogo yenye kuharibu picha nzuri. Kuna watu wanalipia dekodere ya HD, kisha wanaiunganisha ku televizyo na ile kamba ya zamani ya vichwa vitatu, manjano, nyeupe na nyekundu. Kichwa cha manjano hakibebe HD hata kidogo. Picha inaingia HD mu dekodere, inatoka ya zamani. Kamba ya HDMI njo inaombwa, na bei yake si kitu pembeni ya bei ya televizyo. Wengine wanavuta picha ya mustatili mufupi ijaze ekra ndefu, na wachezaji wote wanakuwa wanene kama walikula fufu ya siku tatu. Kuna fasi mu menyu ya televizyo ya kurudisha picha ku kipimo chake. Tena vijana wanaangalia video toka ku simu, na juu ya kuchunga megas wanachagua mistari 360. Ile haiwezi kuwa nzuri ku 55, hata televizyo ikitoka Japani leo asubui.

Watu makumi mbili

Hesabu ya metre 2,65 ni ya mwenye fotei. Lakini siku ya mechi, mutoto wa ku mukeka iko ku metre 1 tu. Mbele ya ekra ya 55, kwa umbali ule, anapaswa kugeuza shingo kufuata mupira toka goli moja mupaka ingine. Mbele ya 32, macho peke yake inatosha. Na kama picha ni ya zamani, yeye njo wa kwanza kuona ukungu wote.

Wazazi wengi wanakataza watoto kukaa karibu, wanasema macho itakufa. Woga huo uko na historia. Mu mwaka wa 1967, kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kama televizyo zake nyingi za rangi zilikuwa zinatoa mionzi X kupita kipimo, juu ya kosa la ku kiwanda, na watu waliambiwa wakae mbali. Televizyo za leo za ekra bapa hazina ile lampi kubwa ya kioo yenye ilikuwa inaleta mionzi. Madaktari wa macho wanasema kukaa karibu kunachokesha macho, kunaweza kuleta kichwa kuuma, lakini hakuharibu jicho. Kitu cha kuangalia ni kingine: mutoto mwenye anasogea karibu kila siku, hata wakati fasi ya nyuma iko wazi, pengine haione mbali. Huyo asipigiwe kelele, apelekwe kwa munganga wa macho. Mwalimu naye pengine anafikiri ni muvivu, kumbe haione tablo.

Wenye kukaa pembeni nao wako na shida yao. Ekra zingine, ukiziangalia toka upande, rangi inafifia, nyeusi inakuwa kama majivu. Zingine zinabakia vile vile. Haiandikwe ku kartoni kwa namna ya kueleweka, lakini ku duka kuko njia: musimame mbele, kisha mutembee polepole mupaka ku kona. Familia yenye kupokea kartie nzima siku ya mechi inapaswa kufanya ile hatua mbele ya kuuliza kama ni 43 ao 50.

Ukuta

Miaka ya 1970, ukuta wa salo ya Lubumbashi ulikuwa wa muchoraji. Familia za wafanyakazi zilitundika pale Mamba Muntu, ama picha ya Colonie belge, kazi ya watu kama Tshibumba Kanda Matulu na wenzake, na mugeni akiingia mazungumzo yanaanzia pale. Picha hizo zilitundikwa juu, karibu na plafo, na pengine ile desturi njo yenye inaendelea: hata televizyo leo wanaitundika juu kabisa, kuikinga na watoto na kuionyesha kwa wapita njia.

Picha ya muchoraji mutu anaiangalia dakika mbili. Mechi ni saa mbili. Mutu akikaa ku fotei, macho yake yako ku metre 1 hivi toka chini, ao metre 1,10, na katikati ya ekra kunapaswa kuwa karibu na hapo. Ikipanda sana, shingo inauma, na ku ekra nyingi rangi inafifia toka chini kama vile inafifia toka pembeni.

Kuna jambo kubwa kupita shingo. Mu Katuba nyumba nyingi zimejengwa na matofali ya udongo mubichi, na plasta nyembamba juu. Fisi yenye kuingia mule haishike. Inaonekana imara siku ya kwanza, kisha inaanza kulegea kidogo kidogo, na ekra ya 55 na chuma chake cha kutundikia inaweza kufika kilo 15 ao zaidi. Kwa ukuta wa namna hiyo, ni heri televizyo ikae juu ya meza pana, nzito, ya chini, na ifungwe na mukanda nyuma. Televizyo bapa iko na miguu miwili midogo, na mutoto wa miaka miwili akivuta droo juu apande, inamuangukia. Mu inchi nyingi watoto wamekufa kwa namna hiyo. Kama fundi anasisitiza kutundika, atafute fasi ya beto ao ya tofali la kuchoma, na vifisi vifike mule ndani kabisa, si mu plasta.

Mwangaza nao ufikiriwe. Mechi ya Mazembe mara mingi inachezwa kungali jua. Kama ekra inaangalia mulango wenye uko wazi, watu wataona balabala na bajaji ndani ya kioo kuliko mupira. Kuigeuza ku ukuta mwingine, ao rido nzito moja, inasaidia kuliko kuongeza puse. Juu ya hiyo hiyo, prozhekta, yenye vijana wengine wanaitamani, haifae mu salo ya mchana. Ni kitu cha usiku.

Moto

Hesabu ya mwisho ni ya moto, na mu Katuba haiwezi kuachwa. Nyuma ya kila televizyo kuko etiketi yenye namba ya wati. Ya 32 mara mingi inakula wati 50 hivi, ya 55 inaweza kukula 130 ao zaidi. Kwa SNEL tofauti hiyo inavumilika. Kwa bateri, haivumilike.

Chukua bateri ya kawaida ya volti 12, amperi 100 kwa saa, yenye familia nyingi zinaunganisha na pano ya jua. Bateri ya namna hiyo haipaswe kunyonywa kupita nusu, kama hapana inakufa mbio. Ukiondoa na kile konvertisere inapoteza, kunabakia karibu wati 500 kwa saa. Televizyo ya 32 pamoja na dekodere inakula wati 65: inaenda saa 7 na zaidi. Ya 55 pamoja na dekodere inakula 145: inaenda saa 3 na nusu kama bateri ilijaa. Kama siku ilikuwa ya mawingu na bateri ilijaa robo tatu tu, ya 55 inapaswa kuzimwa mbele ya saa 2.

Wenye kukumbuka usiku wa 28 Januari 2024 wanaelewa ile hesabu inamaanisha nini. Congo na Misri walimaliza 1-1, wakaongeza dakika 30, wakaenda ku penalti, na Lionel Mpasi, golikipa, njo alipiga ile ya mwisho yenye ilitupitisha. Mechi ya namna hiyo inakaribia saa 3. Salo yenye ekra kubwa na bateri dogo ilisikia penalti toka kwa jirani.

Hata kwa moto wa SNEL, feza yenye inaweza kubakia kwa kuchukua 43 pa fasi ya 55 iko na kazi yake: stabilizatere ya muzuri. Televizyo nyingi za leo zimeandikwa nyuma 100-240V, ni kusema zinavumilia moto wa chini wa mangaribi. Chenye haivumilie ni ule moto unaorudi na nguvu kisha delestazhi. Mbio ya moto kukatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika tano mbele ya kuchomeka.

Ku duka, video yenye muuzishaji anaonyesha, ya samaki za rangi na maua, ilitengenezwa juu kila ekra ionekane nzuri. Haisaidie kuchagua. Mutu abebe kle USB yake na filamu yenye familia inaangalia kweli, ao mechi yenye alirekodi ku dekodere yake, aombe waichomeke, kisha arudi nyuma hatua mupaka afike ku metre yake, ile yenye aliandika ku karatasi. Muuzishaji mwenye kukataa, duka la pembeni liko wazi.

Na mbele ya kwenda, kuko jaribio lenye halina bei. Chukua kartoni ya zamani ao magazeti, kata kipimo cha 95 kwa 54, kibandike ku ukuta fasi televizyo itakaa, kwa urefu wa macho. Kata kingine cha 122 kwa 68. Watu wote wakae fasi zao kama siku ya mechi, hata watoto ku mukeka, na kila mumoja aseme. Iachwe pale siku mbili. Ile yenye kufunga dirisha, ao yenye kufanya mama ashindwe kupita na sahani, itajulikana mbele feza haijatoka.